Daftari la dirishani

Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye usaili wa mafunzo ya ubingwa wa famasi. Mzee mmoja wa jopo alilipekua faili langu, akalifunga, akaniuliza: "Mfamasia, tuonyeshe mgonjwa mmoja ambaye matibabu yake yalibadilika kwa sababu wewe ulikuwepo."

Nilikuwa nao wengi kichwani. Kwenye karatasi hakuna hata mmoja. Nilikuwa nimebeba vyeti 11 vya semina. Usiku ule nilirudi Mtwara kwa basi, na hadi tunapita Nangurukuru sikuwa nimepata lepe la usingizi.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza kazi katika hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao. Usajili wa Baraza la Famasi unakupa jina la mfamasia. Kutambuliwa kuwa umebobea ni safari nyingine. Marekani wana bodi yao ya ubingwa tangu 1976. Fani ya kwanza kuitambua, mwaka 1978, ilikuwa ya dawa za mionzi, na cheti chao kinahuishwa kila baada ya miaka 7. Waingereza, ambao njia yao naipenda zaidi, wanakutaka ukusanye ushahidi wa kazi zako mwenyewe: ulivyomhudumia mgonjwa, ulivyoongoza, ulivyofundisha, ulivyotafiti. Wenzako wa kazini wanakutolea maoni, kisha jopo linapima. Mwaka 2020 Shirikisho la Kimataifa la Famasi (FIP) nalo lilitoa mwongozo wa ngazi hizi ambao kila nchi inaweza kuukata kwa kipimo chake.

Kwetu mazungumzo ya ubingwa huwa yanaishia kwenye cheo na mshahara. Mshahara ni haki, sibishi. Ila siku jopo litakapokaa, litauliza swali lile lile la yule mzee.

Kwa hiyo nilinunua kaunta buku, kwaya tatu, likakaa chini ya dirisha la dawa. Ukurasa wa kwanza ni wa mama mmoja aliyekuja msimu wa korosho. Alikuwa anatumia TLD, kidonge cha VVU chenye dolutegravir ndani yake, kimoja kwa siku, na ndiyo kwanza ameanzishiwa dawa za kifua kikuu. Kliniki mbili, kadi mbili, na hakuna aliyekuwa ameziona zote pamoja. Nikaziomba, nikazilaza sambamba. Rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulichochea ini kuimaliza dolutegravir upesi, ndiyo maana mgonjwa huongezewa miligramu 50 za dolutegravir saa 12 baada ya kidonge chake cha kawaida. Yeye hakuongezewa. Nikampigia daktari, dozi ikarekebishwa mama akiwa bado kwenye benchi.

"Hiki kingine cha nini, mwanangu?"

"Cha jioni, mama. Kinamsaidia mwenzake wa asubuhi."

Naandika tarehe, tatizo, nilichopendekeza, daktari alisema nini, mgonjwa aliishia wapi. Jina la mgonjwa siandiki, wala namba ya faili. Kama muuguzi au daktari alikuwepo, namwomba aongeze mstari wake na saini. Mwanzoni walinicheka, siku hizi wananikumbusha.

Na andikeni mliposhindwa. Nina ukurasa nilipobishana na daktari wa zamu kuhusu dozi ya gentamaisini, antibiotiki ambayo dozi yake hufuata hali ya figo, nikang'ang'ana kweli kweli. Kumbe mimi nilikuwa nasoma kipimo cha figo cha wiki iliyopita, yeye ana cha asubuhi ile. Ukurasa huo unaniuma, lakini ndio uliozaa utaratibu wetu wa kuuliza tarehe ya kipimo kabla ya kufungua mdomo, na mafundi dawa nimewafundisha kwa kutumia kosa hilo hilo.

Kuhusu yule mama, niliacha nafasi chini ya ukurasa wake. Miezi sita baadaye nikaijaza: amemaliza dawa za TB. Wiki mbili mbele nikaongeza mstari wa mwisho: kidonge cha jioni kimeondolewa.