Farasi nikimfungulia padoki anarusha mateke, nifanyeje?

SWALI: Mzee shikamoo. Mimi ni saisi, yaani mtunza farasi, huku Karen, Nairobi, nina miaka miwili kwa hii kazi. Kuna farasi tuliletewa miezi mitatu iliyopita, dume aliyehasiwa, miaka 8, akipandwa hana shida kabisa hata mtoto wa bosi anampanda, lakini asubuhi nikimpeleka padoki (ule uwanja wake wenye uzio) ananivuta kutoka mlangoni mpaka getini na nikimvua hedikola (ule mkanda wa kichwani wa kumwongozea) tu anageuka anarusha mateke ya nyuma anatoka mbio. Juzi teke limenipita hapa karibu na kifua nikasikia upepo wake. Wenzangu wanasema nimchape akome. Jioni nayo kumshika ni nusu saa, tunazungukana tu. Nifanyeje kabla hajaniumiza?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na pole sana, hilo teke ndo limenifanya nijibu barua yako kwanza. Nimekuwa saisi miaka mingi na mbavu zangu mbili zilivunjika hivyo hivyo, getini, na ni farasi niliyempenda kuliko wote bandani, kwa hivyo usiliache likawa jambo la kuzoea.

Fimbo weka kando. Ukimchapa pale anapoachiliwa, kesho akiona tu mkono wako unaenda kwa hedikola atajua maumivu yanakuja, atachomoka mapema zaidi na kwa nguvu zaidi, na jioni ndo hutamshika kabisa.

Hebu angalia usiku wake unavyokuwa. Huku kwetu farasi tunawaingiza kabla jua halijazama kwa sababu ya visubi wanaoleta ule ugonjwa wa farasi unaoua haraka, na hatuwatoi mpaka kumepambazuka vizuri, hiyo ni sawa kabisa na usije ukaibadilisha bila kumuuliza daktari wa mifugo. Lakini akiingia saa 11 na nusu jioni na kutoka saa 1 na nusu asubuhi hayo ni masaa 14 amesimama kwa chumba kimoja, na pengine nyasi zilimwishia saa 3 usiku, halafu asubuhi anapewa nafaka ndo afunguliwe, sasa hapo unategemea atoke polepole kweli? Tumbo la farasi linatoa asidi wakati wote hata kama hali kitu. Wa kilo 450 anahitaji nyasi kavu kama kilo 7 mpaka 9 kwa siku akiwa hana malisho ya maana nje, na nyingi ya hizo awekewe usiku. Siku ambayo hapandwi, nafaka ipunguzwe. Hili mwambie bosi kwa heshima, ni la kwake kuamua lakini wewe ndo unayeona.

Sasa getini. Wengi wetu tunaingia, farasi anatazama uwanja, tunamvua hedikola hapo hapo, yeye anaruka mbele na makalio yanapita usawa wa kifua chako. Fanya hivi, ingia naye, funga geti, halafu mgeuze mpaka pua yake iangalie geti na wewe mgongo wako uwe upande wa geti. Akitaka kukimbia itabidi kwanza ageuke mbali na wewe, na hiyo nafasi ndogo inakutosha kurudi nyuma na kutoka. Mapema uwe umeacha nyasi kavu kidogo chini pale pale, ashushe kichwa, atafune, ndo umvue taratibu ukiwa umesimama begani. Kama anasukumana na wewe usimvue, mrudishe hatua mbili nyuma, ngoja, hata kama ni dakika kumi ngoja. Na ile tabia ya kumpiga kofi la matako ati nenda, acheni wote hapo bandani.

Njiani akivuta usishindane naye kwa nguvu, huwezi, mzungushe duara dogo akitulia mnaendelea. Kamba iwe ndefu, kama mita 3, na usiizungushe mkononi hata siku moja. Glavu, buti ngumu, helmeti.

Angalia pia kama yeye ndo anatolewa wa mwisho, manake akiona wenzake washaenda anapagawa. Mtoe pamoja na mmoja mpole, msimame mbali mbali na mwenzako, mkubaliane, muwaachilie wakati mmoja.

Ya jioni ni rahisi ila inataka subira. Kila ukimshika ni kazi au kufungiwa, atakujia kwa nini? Nenda mchana bila haraka, mkune shingo, mpe karoti, mvishe hedikola, mvue, ondoka zako. Usimkimbize.

Na kama ukifunga mkanda wa tandiko anageuka kutaka kuuma, au amekonda, daktari aitwe amwangalie vidonda vya tumbo.

Anza kesho na nyasi za usiku na kumgeuza getini. Wiki mbili zikipita na bado anarusha, niandikie tena uniambie anakula nini na amewekwa na nani padokini.