Shamba la Kihistoria Ndani ya Hifadhi: Panga Mwendo kwa Saa za Kazi

Wageni wengi hufika kwenye shamba la kihistoria, yaani linaloonyesha kilimo cha zamani, saa sita mchana, jua kali, wakakuta wanyama wamepumzishwa na wahudumu wako mezani wakila. Hupiga picha ya ghala na kuondoka. Majengo utayaona saa yoyote, lakini kazi ina saa zake.

Ng'ombe wa maziwa kwa kawaida hukamuliwa mara mbili, asubuhi na jioni. Kulima kwa farasi au maksai ni bora asubuhi, maana joto huwachosha upesi. Kwa hiyo uliza kwanza ratiba ya shamba, kisha hesabu kurudi nyuma. Kwenye njia tambarare mtu mzima huenda kilomita 4 kwa saa bila kujikaza. Mtoto mdogo, nusu yake. Shamba likiwa umbali wa kilomita 6 na ukamuaji ukianza saa kumi jioni, mwenye mtoto aanze kutembea saa saba. Ulizia pia saa ya kufunga, kwani shamba linaweza kufungwa kabla ya hifadhi yenyewe.

Usiku mvua ikinyesha, piga simu kabla ya kutoka. Udongo wa mfinyanzi uliolowa haulimwi: kwato huushindilia, nao ukikauka huwa mabonge magumu. Nyasi za kuhifadhi nazo hazikatwi. Zikirundikwa ghalani zikiwa na unyevu, vijidudu huzalisha joto, na ghala linaweza kushika moto lenyewe.

Ukikuta plau ikifanya kazi, usiharakishe. Muulize mshika plau anavyorekebisha kina. Mbele ya plau kuna chuma chenye matundu. Mnyororo ukifungwa tundu la juu, plau huzama zaidi, ukifungwa la chini huibuka. Ekari moja kwa siku ni kazi nzuri kwa jozi ya farasi. Plau ikikata upana wa sentimita 25, ekari hiyo ni mwendo wa kilomita 16 hivi nyuma ya wanyama, juu ya udongo uliotifuliwa. (Anayelalamikia njia ya hifadhi aelezwe hilo.)

Farasi haoni kilicho nyuma yake moja kwa moja, wala kilicho mbele kabisa ya pua. Msogelee upande wa bega, huku ukizungumza ajue upo. Usimlishe bila ruhusa, na lango uliache ulivyolikuta: kama lilikuwa wazi, huenda limeachwa hivyo ili mifugo ifike kwenye maji.

Usafi ndio unaopuuzwa zaidi. Ng'ombe, kondoo na hata vifaranga wanaoonekana wazima hubeba vimelea vya kuharisha. Nawa kwa maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, kabla ya kugusa chakula. Sanitaiza pekee haitoshi: haiondoi kinyesi, na haiui kriptosporidiamu, kimojawapo cha vimelea hivyo vya kuharisha. Chupa ya maji ya mtoto ibaki begini mkiwa zizini. Mjamzito asikaribie kondoo wakati wa kuzaa, wala wanakondoo wachanga, kwa kuwa maambukizi yao yanaweza kuharibu mimba. Maziwa yasiyochemshwa, hata ukikaribishwa, usinywe.

Vaa viatu vya kufunika mguu wote, vyenye soli rahisi kusugua. Visafishe kabla ya kuingia gari au kwenda shamba jingine lenye mifugo. Magonjwa ya wanyama husafiri kwa matope.