Jibu: Shingo ya blauzi ya leso imefanya mawimbi

Salaam dadangu. Umesema blauzi yako ya kwanza, ya leso, shingo imelegea na kufanya mawimbi baada ya kutia mkanda, kile kitambaa chembamba cha kufunika ukingo wa shingo. Nilihangaika na hilohilo nilipoanza kushona hapa Langoni, Lamu.

Kwanza angalia mkanda uliukata vipi. Ukifuata nyuzi za kitambaa haupindi. Kata mwingine kwa mshazari, upana sentimita 3 hivi, uwe mfupi kidogo kuliko duara la shingo. Wa zamani ufumue polepole, usivute. Shingo ya mviringo huvutika hata kwa kuishikashika tu, ndiyo maana siku hizi nikiweka mkasi chini, kabla ya kuunga mabega, naipiga mshono mmoja nusu sentimita kutoka ukingoni. Mshono huo huishikilia. Mkanda naupiga bandi, yaani mshono wa muda, kwa mkono, ndipo cherehani, halafu nakata vijikato vidogo ukingoni visivyogusa mshono, na pasi. Pasi usiiruke, tafadhali.

Na leso, uliifua kabla ya kukata? Mpya huja na wanga, na hurudi, yaani hupungua, ikifuliwa. Kama shingo imeshapanuka mno, tia marinda mawili madogo mbele katikati. Inapendeza kweli.