Shangazi, nikiacha kuogopa, si nitaacha kutii?

Binti yangu,

Unaniandikia kwamba mwanao alilazwa kwa homa ya mapafu mwezi uleule uliposhindwa kutoa fungu la kumi, ukaamini kuwa Mungu amekuadhibu. Tangu hapo hukosi kwaya wala mkesha, ila umechoka na unaogopa, tena unahofu kwamba woga ukiisha, utii nao utakwisha.

Kwanza, la mtoto. Wanafunzi walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Usimfanye Baba yetu kuwa mkopeshaji anayeshika mtoto wa mtu rehani.

Sasa fungua Kutoka sura ya 20. Wengi wetu tulikaririshwa amri kuanzia mstari wa 3, na kwa maoni yangu hapo ndipo tulipopotezwa, kwa kuwa mstari wa 2 unasema: "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Waisraeli hawakupewa amri wakiwa bado wanafinyanga matofali ya Farao, kwamba wakizishika ndipo waokolewe, walizipokea wakiwa wameshavuka bahari. Ndiyo maana Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha maswali na majibu ya imani cha Waprotestanti, inazifundisha Amri Kumi katika sehemu ya shukrani, baada ya kueleza ukombozi.

Nakuona karibu na yule mwana mkubwa wa Luka 15, ambaye hakuvunja agizo hata moja, lakini aliihesabu miaka yake nyumbani kwa baba kama miaka ya utumwa, akabaki nje ngoma ikichezwa.

Hofu yako Mtume Paulo aliijua, akauliza katika Warumi 6: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu mwenyewe: "Hasha!" Nawe jibu unalo tayari. Usiku ule ulipokesha kando ya kitanda cha mwanao, hakuna aliyekupangia zamu, wala hukuuliza utalipwa nini, na bado hukusinzia.

Ijumaa hii usiende mkeshani. Kaa na mtoto, kisha usome Yohana 14:15 polepole, uone kwamba "mkinipenda" limetangulia "mtazishika". Woga ukizidi, mwendee mchungaji wako umweleze yote. Utakaporudi kwaya, niandikie tena, uniambie wimbo ulikuwaje kinywani mwako.