Boksi moja la risasi linatosha

Nenda uwanja wowote wa shabaha, Kirigiti kule Kiambu au kwingineko, hutakosa mtu aliyetundika karatasi mita tano mbele yake, anamimina magazini (kikasha cha risasi cha bastola) baada ya magazini. Muda si muda risasi zimekwisha na karatasi imekuwa chekecheke. Amefurahi, sawa, lakini muulize ni kipi kinamshinda, hajui. Kwa sisi wenye leseni ya bastola ya kujilinda, risasi 50, yaani boksi moja, zinatosha, mradi utoke nyumbani ukijua unakwenda kufanyia nini kazi.

Mimi huanza na tano za baridi. Mita saba, karatasi mpya, hakuna kujipasha. Naipiga picha karatasi hiyo kwa simu, kwa sababu ndiyo inayosema kweli. Zile nzuri zinazokuja baadaye, mkono ukishachangamka, hazinihusu sana. Jambazi hasubiri upashe misuli.

Baada ya hapo fungu kubwa, kama 20 hivi, liende kwenye kifyatulio. Mwombe mwenzako akujazie magazini akichanganya risasi za kweli na za bandia, wewe usijue mpangilio. Ukifika kwenye bandia bastola italia "ka!" tu, na kama mtutu umeinama umeshajulikana: mkono unaogopa mlio kabla haujatokea. Kwa anayetumia mkono wa kulia, ndiyo maana matundu hujazana chini kushoto. Wengi hapo hukaza mshiko zaidi, na mambo huharibika zaidi. Vuta kifyatulio taratibu, kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho, jicho likibaki kwenye alama ya mbele ya kulengea, mpaka mlio ukukute hukuutarajia.

Kuchomoa bastola kiunoni nakufanyia nyumbani, silaha ikiwa tupu na risasi ziko chumba kingine. Uwanjani nachomoa pale tu msimamizi anaporuhusu, polepole, kidole nje ya kifyatulio hadi niwe nimeshalenga: risasi mbili, nashusha, natazama pande zote, narudisha bila haraka. Chache nyingine ni za mkono mmoja, mita tatu, kulia na kushoto. Vijana wanalipenda lile zoezi la Msumbiji, mbili kifuani na moja kichwani. Si baya, ila kama za kifuani bado zinatawanyika, hiyo ya kichwani ni mapambo.

Tano za mwisho narudi mita saba, taratibu, nazilinganisha na ile picha. Mkono ukianza kutetemeka naacha, hata kama boksi halijaisha.

Kabla ya kufunga mkoba, toa magazini, kagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole. Halafu nawa mikono na uso kwa sabuni na maji baridi kabla hujagusa chai au andazi, maana vumbi la madini ya risasi hung'ang'ania ngozini. Viatu viache nje ya mlango, hasa kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa.