Jibu: sayansi ya kompyuta ndani ya masomo mengine, shule haina umeme

Mwalimu mwenzangu, umeuliza namna ya kuwasaidia walimu wa shule yenu ya kijijini waingize sayansi ya kompyuta katika masomo yao, wakati umeme haujafika na kompyuta mpakato ni moja tu, ya mwalimu mkuu. Kazi hiyo ndiyo niifanyayo katika shule za kata yetu. Ushauri wangu: muhula wa kwanza iache hiyo kompyuta kabatini.

Walimu wamechoshwa na semina za kushika mausi na kufungua faili. Wakirudi shuleni hakuna cha kufungua, na mada zinawasubiri. Kaa na mwalimu mmoja, mchukue andalio lake la somo la wiki hii, mtafute mahali penye kanuni, hatua au upangaji. Anzieni hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Kiswahili, darasa la tano, upatanisho wa kisarufi. Wanafunzi waliandika maelekezo ya kumwezesha asiyejua Kiswahili kabisa aunganishe nomino na kitenzi "-meanguka". Mmoja wao akawa mashine: anasoma kanuni kutoka juu kwenda chini, anatii ya kwanza inayofaa, haongezi lake. Kundi likaandika: "Nomino ikianza na ki-, weka ki-." Kiti kimeanguka, kikombe kimeanguka, safi. Akapewa "kijana", akajibu "kijana kimeanguka", darasa zima likacheka. Wakaongeza chini yake: "Kikiwa kiumbe hai, weka a-." Kosa likabaki vilevile, kwa sababu mashine inakutana na ki- kwanza. Wakaipandisha juu. Ndipo mtoto mmoja akakumbusha kwamba kwenye Sayansi walifundishwa mti nao ni kiumbe hai, na kweli, mashine ikatoa "mti ameanguka". Kanuni ikaandikwa upya: "Akiwa mtu au mnyama."

Hapo wameshagusa masharti, mpangilio wa masharti na utafutaji wa makosa, kazi ambayo waandishi wa programu huifanya kutwa. Na mwalimu hajatoka nje ya mada yake hata kidogo.

Masomo mengine yana nafasi zake. Katika kamusi ya kurasa 1,000, ukifungua katikati na kutupa nusu isiyohusika kila mara, unaupata ukurasa kwa hatua zisizozidi 10. Kwenye Hisabati, kadi tano zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16, ukifunua baadhi na kujumlisha nukta zake, zinatoa kila namba kuanzia 0 hadi 31. Zoezi hilo la kadi limo katika CS Unplugged, mazoezi ya bure yasiyohitaji kompyuta yaliyoanzia Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand.

Watakuambia hawana muda, mtihani wa darasa la saba unawakabili. Wana haki. Kwa hiyo chagua mada ambazo watoto huzifeli kila mwaka, na kipindi cha MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) mwachie mwalimu aliyejaribu awaonyeshe wenzake. Wanamsikiliza yeye kuliko mgeni.

Kompyuta ije baadaye, ikiwa imechajiwa senta na kuwekewa kwa flashi Scratch ya nje ya mtandao, programu ya kuwafundisha watoto kuandika programu. Scratch ina Kiswahili ndani yake, na kanuni zilezile za ngeli zinaingia vizuri. Nitajie mada za mwezi huu za walimu wako wawili, nikuandikie tunapoweza kuanzia.