Gitaa la umeme la mtumba: tazama shingo kwanza, sauti baadaye

Juzi nimepata ujumbe kutoka Mbale, Uganda. Kijana anapigia kwaya kanisani, amenunua gitaa la umeme la mtumba, halitoi sauti kabisa. Fundi amemwambia pikapu zote tatu, yaani sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, zimekufa, anunue nyingine. "Kaka, ni kweli?" anauliza.

Karibu hakika si kweli, na inaniuma kuona watu wakilipishwa hivyo. Pikapu tatu hazifi siku moja. Kinachokufa ni kile zinachokitegemea zote: soketi ya waya, swichi au kitufe cha sauti. Hivyo ni vitu vya kutengeneza kwa saa moja. Shingo mbovu ndiyo inayomaliza pesa, na hiyo hakuna anayeitazama dukani kwa sababu wote wanakimbilia kuchomeka na kusikiliza.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya muuzaji, acha spika. Weka sehemu ya chini ya gitaa karibu na shavu, utazame shingo kwa urefu wake hadi kichwani. Kingo zake mbili zikae sambamba. Upande mmoja ukinyanyuka na mwingine ukalala, mbao imejisokota, na dawa yake ni ghali kuliko gitaa lenyewe. Mshukuru mzee, uondoke. Shingo iliyopinda kama upinde ni jambo jingine. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) na kwenye freti ya mwisho kabla ya mwili, uangalie nafasi iliyo juu ya freti ya saba au ya nane. Zipite karatasi tatu za daftari, kama milimita 0.25. Zikipita nane au kumi, nyuzi zimeivuta shingo, lakini itarudi ikiwa bado inashika nati ya chuma cha ndani, kile kinachopita katikati ya shingo kuinyoosha. Nenda na alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4 na ya 5, uombe ruhusa, ujaribu kidogo tu. Ikizunguka bila kushika, au pembe zake zimeliwa, usinunue hata ukipunguziwa nusu.

Kisha washa tochi ya simu nyuma ya shingo, pale kichwa kinapoanzia, upitishe ukucha. Ufa wa rangi tupu haukamati ukucha. Ufa wa mbao unaukamata. Magitaa yenye kichwa kilichoinama nyuma, ya mtindo wa Les Paul, huvunjika hapo hapo, kwa kuwa mbao ni nyembamba na nyuzinyuzi zake zimekatwa na ule mwinamo.

Ukishalipa, legeza nyuzi kabla ya kupanda boda. Nyuzi sita zilizokazwa zinaivuta shingo kwa zaidi ya kilo 35, na kichwa kikigonga mlango wa teksi katika hali hiyo, kinapasuka. Na kama umeuziwa pamoja na amplifaya, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka: za Japani ni volti 100, za Marekani 120, umeme wetu ni 240.

Sasa sauti. Multimita, kile kipimo cha umeme cha mafundi, ya bei ya chini inatosha. Chomeka waya kwenye gitaa, fungua vitufe vyote hadi mwisho, peleka swichi kwenye pikapu moja, weka multimita kwenye 20k ya upande wa ohm, kisha gusa ncha ya plagi ya upande wa pili na shina lake. Pikapu ya koili moja inasoma kati ya 5k na 8k, ya koili mbili kati ya 7k na 16k. Ukipata hiyo, pikapu ni nzima, na mtu asikuuzie nyingine. Ukipata sifuri, kuna waya unaogusana na mwingine, au kitufe cha sauti kimefungwa. Multimita ikionyesha 1 tu, panda hadi 2000k: ikisoma karibu 250 au 500, unapima kitufe peke yake, maana yake pikapu hiyo imekatika au waya wake umeachia. Ikigoma hata hapo, tatizo liko kwenye soketi au waya wake. Angalizo: swichi ya nafasi tano, nafasi ya 2 na ya 4 zinaunganisha pikapu mbili na kusoma nusu, kama 3k. Huo si ubovu. Gitaa lenye betri ya volti 9 ndani halipimwi namna hii.

Fungua bamba la soketi. Mara nyingi utakuta waya umeshikiliwa na unywele mmoja wa shaba. Nati ya nje hulegea, soketi inazunguka kila unapochomeka, waya unajisokota hadi kukatika. Menya milimita 5, paka lehemu kwenye waya kwanza, kisha uunganishe. Waya wa sauti unaenda kwenye ulimi unaogusa ncha ya plagi, waya wa ardhi kwenye mwili wa soketi. Ukivigeuza utapata mngurumo. Tumia lehemu ya redio ya 60/40, chuma cha kulehemu cha wati 40, na usikubali asidi ya mafundi wa bati: inakula shaba polepole, na baada ya miezi umerudi ulipoanzia.

Kitufe kinachokwaruza kinyunyizie dawa ya kusafishia kontakti, ukizungushe mara 30. Kikifa, nunua chenye maandishi 250K kwa koili moja au 500K kwa koili mbili. Hapa ndipo watu wanaharibu: duka la redio likikosa, linakupa cha 10K, kinaingia vizuri, na gitaa linaimba kama limefunikwa blanketi. Kitufe kidogo hivyo kinaipeleka sauti nyembamba ardhini kabla haijafika kwenye waya. Rudi siku nyingine.

Kichwa kikiwa na ufa mpya, toa nyuzi, panua ufa taratibu, sukuma gundi nyeupe ya mbao ndani kwa uzi mwembamba wa kushonea hadi itokee upande wa pili. Futa, zungushia karatasi ya nailoni, halafu kaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ule wa kufungia mizigo, mizunguko kumi na zaidi. Saa 24 bila kugusa. Kataa supagluu: ikishindwa, inaziba mbao na gundi nyingine haiingii tena.

Weka nyuzi za gitaa la umeme, 009 hadi 042 (huo ni unene ulioandikwa kwenye pakiti). Za gitaa kavu zina shaba ambayo sumaku haiinasi, hivyo zile nene zitasikika kwa mbali. Rekebisha chuma cha shingo kwa robo mzunguko, tyuni, pima tena kwa karatasi zako tatu. Kwenye freti ya 12, uzi mwembamba ukae milimita 1.6 juu ya freti, ule mnene milimita 2. Mwisho, linganisha sauti ya uzi ulioguswa tu juu ya freti ya 12 na ule uliobanwa hapo. Uliobanwa ukiwa juu, rudisha nyuma kikalio chake, kile kichuma ambacho uzi unakalia kwenye mwili wa gitaa. Ukiwa chini, kilete mbele.

Wewe wa Mbale, usinunue chochote wiki hii. Pima nafasi ya 1, ya 3 na ya 5, uniandikie namba zote tatu, na upige picha ya soketi kwa ndani.